LAPTOPU KULALA SIYO KUZIMIKA, USIOMBE YAKUKUTE YALIYONIKUTA

Wiki hii naomba yale mambo yetu ya kupigwa kibuti na kutunza ngozi tuyaweke kando kidogo, kwani kuna jambo ambalo limewaliza vijana wengi, mwenzenu nikiwemo, na hakuna anayelisema kwa kuwa kila mmoja anaona aibu.

Jambo lenyewe ni laptopu. Siku hizi kijana wa mjini bila laptopu mgongoni ni sawa na fundi cherehani bila mkasi. Wa chuo anayo, mpiga picha za harusi anayo, DJ anayo, na sisi wa kuandika makala ndiyo usiseme. Lakini hebu mwulize mtu swali dogo tu: unapofunga kile kifuniko na kuitia mashine kwenye begi, je, imezimika au imelala? Ukiuliza watu kumi utapata majibu kumi. Hata mimi nilikuwa hivyo hivyo, mpaka siku nilipolipa ada ya ujinga.

KASHESHE YA JUMAPILI USIKU

Ilikuwa mwezi wa nane mwaka 2024. Mbali na kuandika, huwa nachapa kazi za watu ili mkono uende kinywani. Dada mmoja wa chuo aliniletea ripoti yake ya mafunzo kwa vitendo, kurasa 32 za mwandiko wa mkono. Tukakubaliana shilingi 500 kwa ukurasa, jumla 16,000, akanipa nusu yake hapo hapo. Ripoti ilitakiwa kufika kwa mwalimu wake Jumatatu saa nne asubuhi.

Kwa uzembe wangu nikaikalia mpaka Jumapili. Kufika saa sita usiku nilikuwa ukurasa wa 27 na macho yamekuwa mazito kama yamepakwa gundi. Nikasema acha nijinyooshe, saa kumi na mbili nitaamka nimalizie hizo tano. Nikafunga kifuniko, nikaona taa ndogo ubavuni inawaka na kuzima taratibu, nikajua mambo bomba.

Sasa sikiliza vimeo vyangu. Kwanza, laptopu yangu ni mtumba, zile zilizokwisha kutumika Ulaya, na betri yake ilikufa zamani, inaishi kwa waya tu. Pili, ule utaratibu wa programu kujisevu yenyewe kila baada ya dakika kadhaa nilishauondoa kwa mkono wangu, nikiona unaifanya mashine ikwame kwame. Tatu, mara ya mwisho kusevu ilikuwa ukurasa wa tisa. Na nne, nyumba yetu ina wapangaji sita na mita moja ya LUKU, na mwezi ule kila mtu alikuwa anamtegea mwenzake anunue yuniti.

Nilipoamka chumba kilikuwa giza, feni imesimama, na nje nasikia Mama mwenye nyumba anafoka, "Nyie watoto, umeme si mnautumia wote? Mbona kuchanga mnakimbiana?" Yuniti zilikuwa zimeisha saa nane usiku. Nikachukua ile ile 8,000 ya yule dada, nikanunua umeme kwa simu, nikabonyeza tarakimu kwenye mita, taa zikawaka. Nikafungua laptopu. Badala ya ukurasa wangu wa 27, mashine ikaanza kuwaka upya kama ndiyo kwanza imetoka dukani. Nikafungua ripoti. Kurasa tisa.

Saa mbili asubuhi dada akabisha hodi, kavaa vizuri, tayari kwa safari ya chuo. "Kaka, shikamoo ya asubuhi yote hii, kazi yangu iko tayari?" Sikuwa na jibu. Nilipomweleza hakunitukana, na ingekuwa afadhali angenitukana. Alikaa kwenye ngazi akalia. Ripoti yake ilifika Jumatano na alama zikakatwa kwa kuchelewa. Hela yake nilikopa ndipo nikamrudishia.

FUNDI ANIPASULIA UKWELI

Nikabeba laptopu mpaka Kariakoo kwa fundi mmoja mtu mzima.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba kijana wangu. Mashine ina nini?"

"Imekula kazi ya mtu."

Aliposikia mkasa wote alicheka mpaka akavua miwani. "Haijala kitu hiyo. Wewe uliilaza ukidhani umeizima, halafu ukaikatia chakula usingizini."

Akanieleza kwamba laptopu ina sehemu mbili za kuweka mambo. Moja ni diski, ambayo ni kama kabati. Unachokiweka humo kinakaa hata umeme usipokuwepo mwaka mzima. Ya pili ni ramu, ambayo ni kama meza ya kazi. Kila unachokifanya muda huu, yaani kurasa ulizofungua, picha unayosafisha na muziki unaopiga, kiko mezani. Unaposevu ndipo unakitoa mezani na kukitia kabatini.

Tatizo ni kwamba meza hii inaishi kwa umeme. Ndani ya ramu kila alama inashikiliwa na chembe ndogo ya chaji, na chaji hiyo inavuja, mfano wa ndoo iliyotoboka. Ili ndoo zisikauke, mashine inapita kuzijaza zote upya ndani ya kila sehemu 64 za elfu ya sekunde, maana yake zaidi ya mara 15 kwa sekunde moja. Ukikata umeme mjazaji anaondoka, ndoo zinakauka na meza inabaki tupu. Ndiyo maana kurasa zangu 18 hazikupatikana. Hazikuwahi kuingia kabatini.

Sasa basi, mpenzi msomaji, ukishaielewa meza na kabati, hizi aina za usingizi hazitakusumbua tena. Mimi nimezipa majina ya kwetu ili zikae kichwani.

USINGIZI WA KWANZA: KUSINZIA

Huu ndio ule ulioandikwa 'Sleep' kwenye kioo, na kwenye laptopu nyingi ndio unaokuja ukifunga kifuniko tu. Mashine inazima kioo, diski, feni na ile akili yake ya kupigia hesabu, lakini ramu inaendelea kupewa umeme kidogo. Vitu vyote vimebaki mezani kama ulivyoviacha. Ukifungua, sekunde moja au mbili uko kazini.

Raha yake ni hiyo haraka. Ubaya wake ni kwamba inaendelea kula. Inakula kidogo, mara nyingi chini ya wati moja, lakini inakula. Tupige hesabu pamoja. Tuseme betri yako ni ya wati 40 kwa saa moja na mashine ikisinzia inakula nusu wati. Utapata saa 80, siku tatu na ushee. Lakini kama betri ni mtumba na imebaki na robo ya nguvu zake, hizo ni saa 20 tu. Na kama imekufa kabisa kama yangu, ni sifuri. Waya ukichomoka, kwisha habari yako.

USINGIZI WA PILI: WA PONO

Wahenga walimwona samaki pono anavyolala, wakasema mtu asiyeamka kwa kelele kalala usingizi wa pono. Kwenye kioo umeandikwa 'Hibernate'. Hapa mashine inachukua kila kilichopo mezani, inakinakili chote kwenye faili moja kubwa ndani ya diski, kisha inajikatia umeme kabisa. Unaweza kuchomoa waya, ukatoa na betri, ukapanda basi mpaka Mwanza kwa shangazi, ukakaa wiki mbili. Siku ukiiwasha inarudisha kila kitu mezani, hata kale ka-alama ka kuandikia kanakutwa kwenye neno lile lile.

Bei yake ni muda. Kama mezani kuna vitu vya gigabaiti tatu, diski ya zamani ya kuzunguka ambayo inasoma kama megabaiti 100 kwa sekunde itahitaji nusu dakika. Zile diski mpya za SSD zisizozunguka, hata za bei ya chini zinazosoma kama megabaiti 500, zitachukua sekunde sita hivi. Kwa hiyo kama mashine yako ya pono inaamka kwa kuchechemea, huenda mchawi ni diski.

Angalizo moja kwa wenye diski za kuzunguka. Laptopu ikiwa inajiandaa kulala pono, usiirushe kwenye begi ukakimbilia daladala. Ndani mle kuna sahani ambayo katika laptopu nyingi inazunguka mara 5,400 kwa dakika, na muda huo ndiyo inaandika kwa nguvu zote. Subiri taa zizime na mlio uishe, ndipo uondoke. Sekunde 30 hazikufukuzishi kazi.

USINGIZI WA TATU: WA MANG'AMUNG'AMU

Huu ni wa kisasa, na ndio wenye maneno. Umekuja kwa kuiga simu. Simu yako ukizima kioo hailali sawasawa, si unajua tena, ujumbe ukiingia inashtuka. Basi Microsoft wakaleta utaratibu wa namna hiyo katika Windows 8 mwaka 2012, na katika Windows 10 ya mwaka 2015 ukapewa jina la 'Modern Standby'. Mashine haiendi usingizini kweli. Inapunguza mwendo, kioo kinazimika, lakini ndani iko macho nusu, inaweza kupokea barua pepe, na ukifungua inawaka papo hapo. Laptopu nyingi za siku hizi zimeondolewa kabisa kule kusinzia kwa kwanza na kubakizwa na huu.

Nako kwa wenzetu wa Apple, zile mashine zenye kichakato cha M1 zilizotangazwa Novemba 2020 zinawaka mara tu unapoinua kifuniko, hata ukinywa chai huna muda wa kushusha kikombe.

Sasa mbona watu wanalalamika? Kwa sababu anayelala mang'amung'amu anaweza kushtuka wakati wowote. Programu moja ikiwa na kiherehere, mashine inafanya kazi huku umeifungia ndani ya begi lisilopitisha hewa. Mshikaji wangu aliwahi kutoka Mbagala kwenda Posta, begi limebanwa katikati ya watu kwenye daladala, akahisi mapaja yanaungua. Alipofika na kufungua, laptopu ya moto kama pasi na betri iliyojaa asubuhi imebaki asilimia tisa. Alikuwa anakwenda kwenye usaili kuonyesha kazi zake. Akaanza kuomba pa kuchomeka chaja kabla hata hajasalimia.

KUZIMA KWA DANGANYA TOTO

Nilimwuliza fundi, "Basi mzee, mimi nitakuwa nazima tu, yaishe." Akacheka tena.

Kumbe bwana hata kuzima kuna mambo yake. Tangu hiyo Windows 8 ya mwaka 2012 kuna kitu kinaitwa 'Fast Startup'. Ukibonyeza 'Shut down', mashine inafunga programu zako zote kweli, lakini moyo wa mfumo wenyewe unalazwa pono kwenye diski, ili kesho iwake haraka. Kwa hiyo ile laptopu inayokwama kwame, unaizima na kuiwasha mara tano bila mafanikio, inawezekana inaamka na ugonjwa wake ule ule. Dawa ni kubonyeza 'Restart', maana hiyo ndiyo inayoanza upya kabisa. Au shikilia kitufe cha 'Shift' wakati unabonyeza 'Shut down', itazimika kikweli kweli.

Haya mambo siyo mageni kama unavyodhani. Mwaka 1992 Intel na Microsoft walitoa utaratibu wa kwanza wa kubana umeme kwenye kompyuta, na Desemba 1996 wakiwa na Toshiba wakatoa mwingine uitwao ACPI. Huo ndio uliogawa usingizi kwa namba. Ukimsikia fundi anasema S3, anamaanisha kusinzia. Akisema S4 ni pono. S5 ni kuzimika.

DAWA AMBAYO INGENIOKOA

Kilichoniuma zaidi ni kuambiwa kwamba kinga ya msiba wangu ilikuwepo siku nyingi. Apple walianza mwaka 2005 kwenye PowerBook, ambapo mashine inasinzia huku nakala ya meza imeshawekwa kwenye diski. Windows Vista ya mwaka 2007 nayo ikaja na 'Hybrid sleep', jambo lile lile. Umeme usipokatika, inaamka haraka. Ukikatika, inaamka kama pono, polepole lakini na mzigo wote. Kwenye laptopu huwa haijawashwa, kwa kuwa watengenezaji wanaamini laptopu ina betri. Hawaijui betri yangu.

Kwa hiyo fanya hivi leo leo:

Kwanza, ijue mashine yako. Fungua lile dirisha jeusi la 'Command Prompt', andika powercfg /a, ubonyeze 'Enter'. Itakutajia usingizi inaoujua na usiojua. Ukiandika powercfg /batteryreport itakutengenezea ripoti ya betri, uone ilizaliwa na nguvu kiasi gani na sasa imebaki na kiasi gani. Wauza mitumba hawapendi ujue hili, kwa hiyo lifanye kabla hujatoa mshiko.

Pili, chagua mwenyewe kifuniko kifanye nini. Nenda 'Control Panel', kisha 'Power Options', kisha 'Choose what closing the lid does'. Kuna safu mbili, moja mashine ikiwa kwenye betri na nyingine ikiwa kwenye waya. Kama 'Hibernate' haionekani, bonyeza pale palipoandikwa 'Change settings that are currently unavailable' halafu uiwekee tiki. Na kama mashine yako ni ya zamani yenye kusinzia kwa kweli, ile 'Hybrid sleep' iko kwenye mipangilio ya ndani zaidi ya hapo hapo 'Power Options'.

Tatu, pangilia usingizi kwa safari yako. Unaenda kupata chapati na kurudi? Isinzie. Unapanda daladala, unalala usiku, au betri yako ni marehemu? Pono. Mashine inakusumbua? 'Restart'.

Nne, weka neno la siri la kuamkia. Laptopu iliyosinzia ikiibiwa bila neno la siri, mwizi hapati mashine peke yake, anapata na picha, barua na siri zako, vyote viko mezani vinamsubiri.

Tano, na hili lichore ukutani: usingizi wowote ule siyo kusevu. Hata pono anaweza kugoma kuamka siku moja. Kazi ambayo haiko kabatini si kazi yako bado. Kidole cha kushoto kwenye 'Ctrl', cha kulia kwenye 'S', kila ukimaliza aya. Haigharimu hata senti.

Mwaka huu yule dada alirudi. Kabla hajanipa karatasi zake safari hii alivuta kigoda akakaa pembeni ya meza yangu. "Kaka, mimi leo siondoki," akasema. "Chapa ukurasa mmoja, usevu nikuone, halafu ndiyo tuongelee bei."

Nikachapa. Nikasevu. Akasogeza shingo kutazama kioo, akaridhika, akanipa nusu ya hela. Ile nusu nyingine alisema nitaipata siku ya kazi kukamilika, na kwa kweli sikuwa na uso wa kubisha.

Tukutane wiki ijayo panapo majaliwa, na kama unasomea hii kwenye kijiwe cha chuo, inuka ukaangalie laptopu yako uliyoiacha bwenini. Imelala usingizi gani?